Kura ya Banda la Terrabeen

Amos Penhall hakusoma zaidi ya herufi alizofundishwa na mama yake kwenye meza ya jikoni, ila kuhesabu alijua, na kuhesabu ndiko kulikomfikisha Bungeni. Watu wa Mullagong wanalisema hilo mpaka leo, wengine kwa kumsifu, wengine kwa kumsonya, na pande zote mbili zina haki.

Alikuwa mnyoa kondoo. Ujana wake wote aliumaliza mgongo ukiwa umepinda, akihama na wenzake kutoka banda moja la kunyolea hadi jingine katika nyanda za magharibi ya New South Wales, Australia, nguo zikinuka mafuta ya manyoya hata siku ya Jumapili. Si kwamba alikuwa fundi wa kutisha. Darby Farrelly, mwandani wake, alikuwa akimaliza kondoo wa tatu wakati Amos bado anahangaika na tumbo la wa pili, na Darby hakumficha.

"We Amos, huyo unamnyoa au unamtongoza?"

Banda zima lilikuwa likicheka, na Amos akicheka kuwapita wote. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho Darby hakuwa nacho, wala mwingine yeyote pale. Watu walimwamini na kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la kuchemshia chai, jeusi kwa moshi. Mvua ikinyesha kondoo wakaloa, wanyoaji hawataki kuwagusa, maana kondoo mbichi humwingiza mtu baridi ya mifupa na kumtoa majipu mikononi. Mwenye shamba naye hataki kulisha watu waliolala. Basi hupigwa kura. Kila mmoja hunyoa kondoo wawili, akawapapasa, akaandika neno moja kwenye kipande cha karatasi, kavu au mbichi, akakitumbukiza koponi. Mwakilishi wa banda huhesabu peke yake, hutangaza, kisha karatasi zote huzitia motoni. Likishatangazwa limetangazwa. Uliyeandika mbichi na kavu ikashinda, unainama unanyoa hata kama maji yanakuchuruzika hadi kwenye viwiko. Na kumuuliza mwenzio aliandika nini ni utovu wa adabu kuliko kumuuliza habari za chumbani kwake. Anayegoma baada ya kura hana rafiki tena katika nchi ile. Hata mpishi hampitishii chumvi.

Kwa misimu mingi Amos alihesabu kopo la shamba la Terrabeen, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumtilia shaka. Mwenye shamba aliwahi kumwekea chupa ya wiski chini ya kitanda, asubuhi ya kura, na Amos akaibeba mbele ya watu wote akaenda kuiweka mlangoni kwa mwenyewe bila kusema neno. Kisa hicho kilisafiri kuliko yeye. Chama cha wafanyakazi kilipotafuta mtu wa kusimama kwenye uchaguzi, wanyoaji walisema mtu ni mmoja tu, yule wa kopo. Wakamchagua, wakamnunulia koti, koti likambana kwapani, akaenda nalo Sidni hivyo hivyo.

Bungeni hakuwa msemaji. Aliomba visima, aliomba reli isogezwe, akirudi Mullagong alilala kwa Darby na kula viazi vya Nora, mke wa Darby, akimtania mtoto wao Vincent kwamba anashika mkasi kama kijiko. Laiti angebaki hapo, leo tungemkumbuka kama tunavyowakumbuka wabunge wengine, yaani tungekuwa tumemsahau.

Ikaja vita ya Wajerumani. Mwaka wa pili wa vita serikali iliwataka wabunge wasimame majukwaani wawaite vijana, na Amos, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu kitu mbele ya watu, akasimama. Ukumbi wa Mullagong ulijaa, bendi ikapiga, Amos akasema maneno ambayo aliyasoma gazetini asubuhi ile. Katikati ya maneno akainuka mwanamke mmoja mshona kofia.

"Na wewe je, mheshimiwa? Au una kidonda mguuni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Amos uso ukamshuka. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo, tena mzima wa afya. Basi akafanya wanachofanya watu wenye haya wakibanwa mbele ya kadamnasi, akaropoka. Alisema anakwenda, kesho anajiandikisha, na nyuma yake litakwenda banda zima la Terrabeen, wote, kama walivyo. Kicheko kikageuka makofi. Jumatatu magazeti ya Sidni yaliandika kwamba mbunge mnyoa kondoo anakuja na jeshi lake, na banda lenyewe lilikuwa halijaulizwa.

Ilimbidi aende akaulize. Aliwakuta wanakula, nyama ya kondoo na mkate wa majivuni, akasimama kichwani mwa meza na sare mpya iliyokuwa bado ina mikunjo ya dukani.

"Hee, mheshimiwa!" Darby akamlaki. "Hiyo nguo imekuvaa au umeivaa?"

"Mnajua kilichonileta."

"Tunajua, tumesoma. Gazeti lilitufikia kabla yako. Inaonekana sote tunakwenda vitani. Mimi mwenyewe na mgongo wangu huu nitawapiga kwa kuwainamia."

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na miba, na Amos akaisikia. Mmoja wao, Stan Kettle, hakucheka kabisa. Alisema, "Ungetuuliza kwanza, Amos. Ulikuwa mtu wa kuuliza."

Hapo ndipo lilipomjia lile wazo, na wakati ule alilipokea kama wokovu. Alisema haya basi, nawauliza, kwa njia yetu. Tupige kura ya banda. Anayetaka twende aandike kavu, anayetaka tubaki aandike mbichi. Wote mnapiga, vijana kwa wazee, kama siku zote, na kura ikitoka inawafunga wote wanaoweza kubeba bunduki. Hakuna atakayemuuliza mwenzake.

Kwa watu wengine huo ungekuwa upuuzi wa kuchekwa. Unapigaje kura ya kumpeleka mwenzio kufa? Lakini wale walikuwa wamekua na kopo, hawakujua njia nyingine ya haki, na mshika kopo alikuwa Amos Penhall. Wakatazamana, wakakubali. Vincent Farrelly, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na mpenzi mjini, alikuwa wa kwanza kuchana karatasi.

Amos alilichukua kopo hadi jikoni, akafunga mlango, akazimwaga karatasi juu ya gunia la unga. Mbichi. Mbichi. Mbichi. Alizipanga kwa marundo mawili kama alivyozoea, na rundo la kavu lilikuwa na karatasi tatu. Tatu tu, katika banda zima. Aliuona ukumbi wa Mullagong, akamwona yule mshona kofia, akaona gazeti la kesho. Akaanza kujiambia kwamba hawa hawajui wanachokataa, kwamba wakifika huko watamshukuru. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akafungua jiko, akazitia zote motoni, akatoka nje.

Na ili waamini, alisema, "Kavu. Kwa kura moja."

Kura moja! Kama angesema kumi wangeshuku, maana kila mtu alikuwa ameshapima nyuso za wenzake. Lakini moja ilimeza kila shaka. Stan Kettle akasukuma sahani yake mbele, akasema, "Haya, imetoka." Wakaenda kufunga mizigo. Darby mgongo wake ulikataliwa na daktari wa jeshi, kama kila mtu alivyojua utakataliwa. Vincent akaenda.

Huko Ufaransa sitawapeleka mbali. Amos alifanywa Luteni, kisha Kapteni, na ukweli lazima usemwe hata kama haupendezi hadithi: alikuwa askari mzuri. Alitangulia mbele kila mara. Wakubwa wake waliona ushujaa, wakamtundika nishani, kumbe mtu alikuwa anatafuta risasi tu, na risasi zilimpita zikiwapata wa nyuma yake. Nyumbani uchaguzi ulipofika akapita bila kupingwa, maana nani angethubutu kusimama dhidi ya mtu aliye vitani?

Kilichomtafuna hakikuwa mizinga. Ulikuwa mzaha. Watu wa Terrabeen waliufanya wimbo wao wa kila siku: nani huyo mpumbavu aliyeandika ile kura moja? Wakizama kwenye tope hadi mapajani, mmoja angesema, "Asante sana, bwana kura moja." Wakipewa mkate ulioota ukungu, "Mtunzieni bwana kura moja." Vincent ndiye aliyekuwa bingwa wao.

"Nikimjua," alisema siku moja akivua viatu, "hizi soksi nitamvisha shingoni, na atazivaa hadi siku ya harusi yangu."

Wakacheka hadi wakakohoa. Amos alicheka nao, tena kwa sauti, na nyama ya kopo ikamgeukia mdomoni. Wiki haikuisha, kombora likamkuta Vincent anachemsha chai. Amos ndiye aliyemzika. Alishika kofia mkononi, akajaribu kusali, ikawa anachoweza kukisema ni kimoja tu, hukuandika wewe, mwanangu, hukuandika wewe, na hata hilo hakuwa na hakika nalo.

Waliorudi Terrabeen walikuwa nusu, na baadhi ya hao walirudi nusu mtu. Stan Kettle aliacha mkono. Amos alirudi mzima. Mullagong walimpokea kwa bendi ile ile, na kila kofi lililopigwa lilimwingia kama kofi la usoni. Akipita barabarani wanaume walimvulia kofia, naye akavuka upande wa pili ili asivuliwe. Kwa Darby hakwenda tena kulala. Alitoa sababu za kibunge, mikutano, kamati, na Nora alimpelekea salamu kwamba viazi vimemkasirikia.

Kisha mji ukasimamisha jiwe la kuwakumbuka waliokufa vitani. Juu yake askari wa mawe ameegemea bunduki, chini majina. Bwana Twisden, mwenyekiti wa halmashauri, mtu mwenye tumbo na hotuba, alitaka Kapteni Penhall ndiye aivute bendera siku ya kulifunua, na alitaka wazazi wote wa marehemu wakae viti vya mbele. Wote walikubali isipokuwa Darby Farrelly. Alikataa bila kutoa sababu. Twisden akamtuma Amos. "Wewe ni rafiki yake, hawezi kukunyima wewe."

Amos alimkuta kwenye banda la Terrabeen, ameinamia jiwe la kunolea, cheche zikimrukia kwenye ndevu ambazo zamani hazikuwa na mvi.

"Ehee, Kapteni," Darby akasema bila kuinua kichwa. "Umekuja kuchukua waliobaki?"

Wanyoaji wawili wa karibu wakaguna. Amos akaumeza mzaha huo.

"Nataka tuongee, Darby. Nje."

Walitoka wakasimama kwenye uzio wa zizi, kondoo walionyolewa wakitetemeka na kulia upande wa pili. Kwa muda walizungumza habari za mvua, kama wanaume wa kule wanavyofanya wakiwa na jambo zito. Amos ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Twisden anasema hutaki kuja Jumamosi."

"Siku nyingine hata Twisden husema kweli."

"Jina la Vincent lipo pale, Darby. Watu watauliza baba yake yuko wapi."

"Na waulize." Darby alitoa tumbaku, akasokota sigara, akaichomeka nyuma ya sikio. "Hebu niambie wewe. Kavu ilishinda kwa kura ngapi?"

"Darby..."

"Si ulihesabu wewe? Ngapi?"

"Moja," Amos akasema.

"Moja. Basi ilikuwa yangu."

Amos alimtazama asimwelewe.

"Unanitazama nini? Niliandika kavu, mimi Darby. Nilijua mgongo wangu hawautaki, kwa hiyo mimi sikuwa na cha kupoteza. Nilijua pia banda zima litaandika mbichi, nani mwenye akili zake angeandika kitu kingine? Nikakuona umesimama pale na hiyo sare yako ya mikunjo, umejitia kitanzi mwenyewe mbele ya mji mzima. Nikasema masikini Amos, akifungua kopo akakuta mbichi tupu, atauficha wapi uso wake? Acha akute hata moja ya kumsitiri. Nikaandika. Kama mtu anavyompa rafiki yake sigara." Akacheka kicheko kibaya. "Kumbe na wapumbavu wengine walikuwa wanakuonea huruma. Tukafika mpaka tukawashinda wenye akili, kwa kura moja."

Kondoo walilia.

"Nora hajui," Darby akaendelea, sauti imepungua. "Yeye anajua niliandika mbichi. Sikumwambia hivyo, ila ndivyo anavyojua, nami nimemwacha. Akipakua viazi ananiambia, 'Usijitese, mume wangu, wewe na wenye akili mlizidiwa na wajinga.' Nami nakula. Sasa wewe unataka nikakae kiti cha mbele, karibu naye, nilitazame hilo jiwe?"

Hapo ndipo ulipotakiwa ukweli. Sentensi moja tu: kavu hazikuwa zaidi ya tatu, Darby, nilisema uongo. Sentensi hiyo Amos aliihisi kwenye meno. Lakini ndani ya banda kengele ya kuanza kazi ikalia, Darby akageuka, na Amos, aliyetembea mbele ya bunduki za Wajerumani bila kuinama, akaona afadhali imelia.

"Usijilaumu," alisema. "Ilikuwa vita."

Alipokuwa anaondoka alijichukia mpaka akatema mate. Njia nzima alikuwa akirudia maneno yale mawili, ilikuwa vita, na kila alipoyarudia yalizidi kunuka. Alidhani aibu yake ameshaifahamu pande zote, ameizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Hakujua kwamba muda wote ule uongo wake ulikuwa unakula kwenye meza ya rafiki yake. Siku zilizobaki hakulala vizuri wala hakula, na ilipofika Jumamosi alikuwa ameamua. Kiti cha Bunge kiende, nishani iende, jina liende. Atasema, na atasema mbele ya wote, ili asipate tena mlango wa kutorokea, na Darby atapata kupumua.

Jumamosi jua lilikuwa kali, nzi wengi, bendi imevaa sufu. Nora alikaa kiti cha mbele peke yake, kofia nyeusi, mikono pajani. Twisden alihutubu hadi watoto wakaanza kulia. Alimaliza kwa kusema kwamba hapa tunaye mtu ambaye wilaya hii ilimwamini na kopo, kisha ikamwamini na wana wake. Makofi. Amos akasimama, akaishika kamba ya bendera, akaiachia.

"Kura ya Terrabeen," alisema, "haikuwa kavu. Nilihesabu, nikaona mbichi, nikawaambia kavu. Niliogopa kuchekwa. Vijana hawa walikataa kwenda, na mimi nikawapeleka."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Twisden akamvuta koti. "Kaa chini, Amos, jua limekuchanganya."

"Rudia," ikasema sauti kutoka nyuma. Alikuwa Stan Kettle, mkono wa koti umebanwa kwa pini. "Rudia hiyo."

"Kavu zilikuwa tatu, Stan. Zilizobaki zote zilikuwa mbichi."

Amos alisubiri mawe. Alikuwa tayari kwa mawe, nadhani aliyatamani. Stan alivaa kofia yake kwa mkono mmoja, akageuka akaondoka, na watu wa Terrabeen waliobaki wakamfuata mmoja mmoja bila kutukana. Wengine wakaanza kusonya, mwanamke mmoja akalia kwa sauti. Bendera ilibaki imelifunika jiwe, maana hakuna aliyejua ni nani wa kuivuta sasa.

Nora aliinuka. Akapanda ngazi za jukwaa pole pole, na kila mtu alijua anakwenda kumpiga kofi, Amos akiwa wa kwanza kujua. Hakumpiga.

"Darby anajua?"

"Hajui."

"Basi utakwenda kumwambia. Sasa hivi, na mimi nikiwepo."

Walitembea pamoja hadi nje ya mji, Nora hatua moja mbele. Amos alikuwa amepoteza kila kitu alichokuwa nacho, na ajabu ni kwamba kifua kilikuwa chepesi kuliko kilivyowahi kuwa tangu jikoni kule Terrabeen. Alikuwa amefedheheka mbele ya wilaya nzima, sawa, ilimstahili. Lakini alikuwa anampelekea Darby kitu. Mzigo ule haukuwa wa Darby, na baada ya dakika chache Darby angejua. Hata mwendo wake ulibadilika, akajikuta anataka kumpita Nora njiani.

Darby alikuwa uani anapasua kuni. Aliwaona wanakuja pamoja, akaliacha shoka juu ya gogo.

"Mwambie," Nora akasema.

Amos akamwambia. Alisema yote, moto wa jiko, gazeti, yule mshona kofia, mpaka ile kura moja aliyoibuni ili waamini. "Hukumpeleka wewe, Darby. Hapakuwa na kura moja. Ni mimi. Tangu mwanzo hadi mwisho ni mimi peke yangu."

Uso wa Darby ulilegea, kama wa mtu aliyeamshwa na hajajua bado yuko wapi. Nora alimshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimtiririka, na katika machozi yale palikuwa na kitu karibu na furaha.

"Unasikia, Darby? Hamkuzidiwa! Wenye akili ndio mlioshinda. Mlikataa, mtoto wetu alikataa, wote mlikataa. Tatu tu! Wapumbavu watatu katika banda zima!"

Amos akamtazama Darby, na macho yao yakakutana. Palikuwa na nafasi, na wote wawili waliiona. Darby angeweza kuitikia kwa kichwa, akasema ndiyo, mke wangu, na hakuna mtu duniani ambaye angemkanusha. Amos mwenyewe alikuwa anamwomba kwa macho afanye hivyo. Kubali, bwana. Chukua.

Darby aliutoa mkono wake taratibu kwenye mikono ya Nora.

"Wale wengine uliwasingizia, Amos," alisema. "Mimi hukunisingizia." Kisha akamgeukia mkewe. "Mmoja wa hao watatu ni mimi."

Nora hakulia tena. Alisimama pale na kofia yake nyeusi, akimtazama mtu aliyempakulia viazi miaka yote ile.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilikuwa namwonea huruma huyu," Darby akasema, "asije akaaibika mbele ya watu."

Nora akageuka, akamtazama Amos.